Msikiti Uliokaa Upande

Getruda, uko wapi? Bibi Tabea kamuumbua babu Methusela mezani, wajukuu wote tupo kasoro wewe!

Ile hadithi yake kwamba mwaka 1954, enzi za Mwingereza, babu alikataa kazi ya kukarabati msikiti wa zamani kule Lyamkena kwa ajili ya imani yake? Imani gani! Alifukuzwa.

Alifika pale na timazi ya kupimia kuta mfukoni, bingwa aliyejenga kanisa moja tu Kidugala, tena kama msaidizi. Akazunguka. Nguzo za mninga, mlango wa nakshi, hakuna alichokisifu. Bingwa aliona kitu kimoja tu: msikiti haukulingana na barabara. Umekaa upande!

Akamwambia imamu, Mzee Shomvi, kwa huruma kabisa: "Pole, mzee. Fundi wako alikuwa amelewa."

Amelewa, Getruda. Fundi wa msikiti!

Wala hakuishia hapo. Eti wabomoe, waunyooshe, utazame barabara kama kanisa.

Mzee Shomvi akamjibu taratibu: "Msikiti unaelekea Makka, mwanangu. Kwani ninyi kanisani mnaiabudu barabara?"

Leo bibi kamuuliza tena swali lile lile. Babu kaomba aongezewe chai.