Baraza ya Mafundi Cherehani

Mbulu,
Agosti 2004

Mama yangu mpendwa Efrazia,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Gehandu, na goti lako limepata nafuu. Mimi sijambo, ila baridi ya huku nilikuwa nimeisahau. Wenzangu waliokulia pwani wanalala na makoti. Mpe Baba shikamoo yangu.

Nilikuambia chuo kinatupeleka kwenye mafunzo kwa vitendo, lakini sikusema ni wapi. Ni hapa Mbulu, kwenye mtaa ule ule wa maduka ya zamani. Tangu Babati iwe makao makuu ya mkoa mpya, watu wa hapa wanalalamika kwamba mji wao umeachwa. Halmashauri imeamua kuukarabati mtaa bila kuubomoa, basi mwalimu wetu, Bi. Kissa, akatuleta wanafunzi wa usanifu majengo tupime maduka na kuchora namna ya kuyatengeneza.

Siku ya kwanza nilishika futi mbele ya duka ulilokuwa ukishonea, nikasahau kupima. Nguzo za mbao za baraza bado zipo, na sakafu imelika pale mlipokuwa mkikaa mafundi. Nilikumbuka harufu ya mafuta ya cherehani, na wakulima wa Nambis waliojaa kwenye benchi wakisubiri sare za watoto kabla shule hazijafunguliwa. Mimi nilikuwa nalala chini ya meza yako, juu ya vipande vya vitambaa. Halafu mitumba ikaja, benchi likabaki tupu, nasi tukahamia shambani Gehandu.

Mwenye maduka sasa ni Bwana Baltazar. Alitaka kuziba baraza zote kwa matofali apate vyumba zaidi vya kupangisha. Kwenye mkutano alituuliza, "Baraza inaniletea nini? Watu wanakaa tu." Wenzangu wakamweleza habari za historia, akapiga miayo. Ndipo nikasimama nikamweleza juu yako bila kukutaja jina, kwamba waliokuja kushonesha ndio hao hao walioingia dukani kununua kitambaa, vifungo na sukari. Akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipokutaja alicheka, akasema suti yake ya harusi uliishona wewe. Amekubali baraza zibaki wazi na mafundi wapewe nafasi.

Mama, kuna jambo nimelisogeza mpaka hapa kwa woga. Sikufikia hosteli na wenzangu. Nimefikia kwa mama Helena. Najua mligombana alipoanza kurekebisha nguo za mitumba, ukasema amewasaliti mafundi wenzake, na tangu hapo jina lake halitajwi nyumbani. Naomba usinikasirikie. Bado anashona pale barazani, peke yake, na hajatamka neno baya juu yako mbele yangu.

Jana nilimwonyesha mchoro wangu: baraza, nguzo, na cherehani moja karibu na mlango. Alivaa miwani, akautazama kwa muda, akauliza, "Na ya Efrazia umeiweka wapi?" Nikachukua penseli, nikachora ya pili kando ya yake. Anasema ukija atakupisha upande wenye mwanga.

Mchoro nimeukunja humu humu. Utazame kwanza kabla hujanijibu. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia.

Mwanao akupendaye,
Evarist