Ufunguo Uliofungiwa Ndani

Kikaoni tulikuwa watatu: Bronwyn anayeunda programu yetu ya kuhifadhi nakala za mafaili ya kompyuta, Lachlan anayeijaribu, na mimi mwandishi wa mwongozo. Barua yangu ya kujiuzulu ilikuwa tayari, rafiki yangu Tamsin!

Kabla sijaitoa, Bronwyn, aliyezoea kuniita Mwalimu, akaniwahi. "Mwalimu, kuna mama mmoja mjini Launceston, kompyuta yake imekufa. Nakala anazo, lakini ufunguo wa kuzifungulia, yaani nywila yake, aliuhifadhi ndani ya nakala hizohizo."

Lachlan akacheka. "Jamani! Nani anafungia ufunguo wa sanduku ndani ya sanduku?"

"Alifuata mfano wa ukurasa wa nne wa mwongozo," Bronwyn akamjibu.

Ukurasa wa nne niliuandika mimi. Mimi mwenyewe, rafiki yangu!

Picha za marehemu mume wa mama huyo zimo katika nakala hizo, na hazitafunguka kamwe.

Ningeondokaje? Nikawatangazia: "Naurekebisha ukurasa sasa hivi. Kisha mimi mwenyewe nampigia simu mama huyo, nimwambie kosa ni langu. Siondoki."