Jogoo wa Mama Nakato

Mama mpendwa,

Baridi ya Eldoret imenipokea vizuri, nalala na sweta mbili. Ile uliyonifumia naivaa juu ili watu waione.

Kazi yetu hapa kanisani ni kuwapima uzito watoto wa wakimbizi waliotoka Uganda na kuwagawia chakula. Huku mahindi meupe yamejaa mpaka kando ya barabara, lakini msaada uliotoka ng'ambo ni mahindi ya njano. Watoto wa Mama Nakato, anayekaa mtaa wa Munyaka, walikuwa wamekonda wakabaki macho. Sasa wamenenepa. Mkubwa wetu amefurahi, ameagiza magunia mengine.

Jana nilimtembelea huyo mama. Nyuma ya nyumba nikakuta kuku wanakula msaada.

"Kwani sista, hayo si ya kuku?" akaniuliza. "Watoto wanakula mayai."

Mkubwa akisikia atamkatia mgao. Kwa hivyo sikuona kuku. Hata yai alilonichemshia sikuliona, nililila tu.

Nikamsifia jogoo wake, mkubwa kama wetu hapo Butere. Akasema huyo hachinjwi mpaka siku watakayorudi kwao. Alimnunua akiwa kifaranga, akidhani Krismasi ya mwaka ule itawakuta nyumbani. Siku hizi jogoo anachechemea, na anawika watu wakishamaliza chai.

Mungu akuponye magoti, Mama. Na yule jogoo wetu, nikifika tumchinje siku hiyo hiyo. Tusimweke kungoja sikukuu.

Binti yako,
Rose