Hodi Mlangoni Kwangu

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku Chatsworth tu wazima, ila magoti yangu na baridi hii havipatani. Mama yako mdogo kahamia Glenwood karibu na kazi yake, na tangu babu yako atutoke, nyumba nzima ni yangu.

Unasema watoto unaowafundisha Kiindonesia huko Australia wanaitikia vizuri wote pamoja, lakini ukimwita mmoja anainamisha kichwa. Yalinikuta hayo. Tulipohamia nchi hii ya kigeni kutoka Tanga, mama yako akiwa darasa la pili, nilifundisha watoto wa jirani Kiswahili kila Jumamosi, sebuleni. Darasani waliimba salamu. Njiani hakuna aliyenisemesha. Jumamosi moja nikakasirika, nikafunga mlango. Nikasema haingii mtu bila kupiga hodi, mmoja mmoja.

Nikawasikia wakisukumana nje. Kisha sauti ndogo ikasema, "Hodi, mwalimu."

Nilishindwa kuitikia upesi. Tangu nifike mji huu, hakuna aliyekuwa amepiga hodi mlangoni kwangu. Nilipofungua, mtoto akaniuliza, "Nimekosea?"

"Hujakosea," nikamwambia. "Karibu ndani."

Uliwahi kuniambia Waindonesia nao husema "permisi" wakitaka kuingia au kupita. Basi funga mlango wa darasa, ukae ndani, uwangoje.

Siku hizi wanaokuja kwangu hubonyeza kengele ya geti, na wengi wamekosea nyumba. Ukija, usiibonyeze. Piga hodi, nitasikia.

Bibi yako,
Mwanaisha