Mikono Mitatu ya Mama

Kaka,

Umenichosha. Umelala zako kibanjani hapa Ijumbi, chini ya migomba, na bado picha zako zinanitoa jasho.

Nani alikutuma uchore kwenye rubugo? Najua, utasingizia vita. Utasema maduka ya Bukoba yalikuwa matupu, hata kitambaa cha kiraka hakikupatikana, na mti wa mutoma umesimama nyuma ya nyumba, gome lake la kupondea rubugo ni la bure. Lakini kaka, rubugo ndiyo nguo tunayozikia watu wetu! Ulizimaliza zote kwa ng'ombe wa buluu na askari wenye vichwa vya pembe nne, mpaka siku ya kukuzika wewe hatukupata hata moja safi. Tukakufunga shuka. Nililia kwa uchungu, na kwa hasira pia.

Sasa ugonjwa huu wanaouita Juliana umeingia kila nyumba, tunazika kila wiki. Mitoma imechunwa mno, haipewi nafasi ya kuota gome jipya. Basi wafiwa wanakuja kwangu kuomba zile ulizochora. Mjomba alitangulia, amefiwa na mwanawe. "Tupe moja, mwanangu," akasema. "Picha tutaigeuzia ndani, aiangalie yeye." Wale wale waliokucheka, eti mtu gani ana jicho shavuni! Ningewanyimaje? Askari wako wamelala Buganguzi, ng'ombe wako Nyanga, wote wamefukiwa.

Ikabaki ya Mama, ile anayomenya ndizi kwa mikono mitatu. Niliificha darini. Mwalimu wako wa zamani alikuja kutoka Dar es Salaam, akaitaka kwa maonyesho. Alisema isipobaki hata moja, nani atajua kwamba uliwahi kuchora? Nikamwambia arudi Jumamosi aichukue.

Alhamisi Mama akafa.

Unakumbuka alivyokugombeza kwa mkono ule wa tatu? "Mimi ni mdudu gani?" Nawe ukacheka, "Mama, kwa kazi zako, miwili haitoshi." Basi kabla hajakata kauli alinishika nguo. "Nizikeni na mikono yangu yote," akasema. Mkaidi, kama wewe tu. Mngenionea huruma hata kidogo, nyie wawili!

Tumemzika nayo. Picha tumeigeuzia ndani.

Mwalimu alipofika nilimpeleka kibanjani, nikamwonyesha udongo mbichi. Akauliza kama picha zote zimezikwa. Nikasema zote. Akakaa chini palepale na suruali yake nzuri, akaniomba nimweleze ilivyokuwa. Nikamweleza mkono mmoja mmoja, na rangi zake.

Lala, kaka. Mutoma wetu umeanza kuota gome. Mtu yeyote akija kuliomba nitamfukuza. Likikomaa nitalichuna, niliponde mpaka lilainike, nije nikutandikie juu ya kaburi. Litakuwa lako, safi kabisa.

Tafadhali, usilichore.

Mdogo wako