Firimbi ya Hamadi

Jumamosi.

Saidi wa kikundi cha mbio amesahau. Kila Jumamosi wakishuka mbio kutoka mtaani kwetu Gihosha kwenda ziwani, alikuwa akipiga firimbi mlangoni petu kumwita kaka yangu Hamadi, mwimbishaji wao, aliyeongoza nyimbo wakikimbia. Leo akapiga. Mama akaita toka jikoni, "Hamadi, we mutoto, wanakungoja!"

Tulimzika kabla ya Ramadhani.

Sikulia. Nikavaa viatu vyake, vikubwa kwangu, nikatoka.

"Samahani, dada," Saidi akasema. "Mi nilisahau."

"Haina neno. Tukimbie."

Tulipita kwenye mikaratusi mpaka ufukweni bila mtu kuimba. Ziwa lilikuwa zuri, nadhani. Sikuhisi kitu ila malengelenge.

Niliporudi Mama alinivua viatu vya Hamadi. Alivipangusa matope, akavirudisha karibu na mlango, vikitazama nje.