Murenda Ambao Mama Phelista Hakula

Mwaka umetimia, Mama, tangu tukulaze hapa nyumbani Naitiri. Cherehani yako imenyamaza, na kina mama wa kanisa bado wanauliza nani atawashonea sare zenye mfuko wa sadaka na mfuko wa simu.

Ulikuwa mtu wa utani. Mgeni akikataa chakula, ulimuuliza ametumwa na adui gani. Hata baada ya kuwekewa vali ya chuma moyoni, ulimeza dawa yako ya kuzuia damu isigande ukimtania daktari. Yeye alisema mboga za majani ule kiasi kile kile kila siku, kwani zikizidi hupunguza nguvu ya dawa na damu ikaganda. Sisi, kwa ujuaji wetu, tukakukataza kabisa, hata murenda ulioupenda kuliko nyama.

Ukipimwa Bungoma, damu ilikuwa sawa. Ukimtembelea binti yako Roselyne kule Kitale, akikupima kwenye maabara anakofanya kazi, inaonekana inaganda haraka. Roselyne hakuuliza mara mbili: unakula mboga kwa majirani.

"Mashine haina sababu ya kudanganya, Mama."

"Na mimi niko nayo?"

Tulicheka. Safari iliyofuata jibu likawa lile lile, naye akakubana mbele ya wajukuu. Ukashusha macho. "Haya basi, nilikula. Sasa tuache hiyo maneno, chai inapoa." Siku hiyo Roselyne alitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Kisha maabara za Kitale na Bungoma zikaletewa maji ya damu yaliyokaushwa yakawa unga, ambayo muda wake wa kuganda unajulikana tayari, ili zilinganishe vipimo. Roselyne akauyeyusha, akauzungusha taratibu bila kuutikisa, akapima. Bungoma walipata jibu sahihi. Yeye alikosea, tena vile vile alivyokuwa akikosea kwako. Kwenye maabara yake walikuwa wamebadilisha kemikali ya kupimia, naye hakuiingiza namba ya kemikali hiyo mpya kwenye mashine.

Akakupigia simu.

"Kuna nini, mama?" ukamuuliza.

"Hakuna, nakusalimia tu."

Alitaka akuombe msamaha uso kwa uso Jumapili. Homa ya mapafu ikakuchukua Ijumaa. Madaktari wanasema damu yako haikuhusika, lakini hilo halimpi usingizi. Kinachomuuma ni kwamba alikulazimisha ukiri kosa ambalo hukulifanya, nasi tukamsaidia kwa kicheko. Maji yakimwagika hayazoleki.

Juzi aliwakalisha wajukuu, akawaambia nyanya yao, Kukhu kama wanavyokuita, alisema kweli, yeye ndiye aliyekosea. Mjukuu wako Nakhungu akauliza, "Na Kukhu mwenyewe aliambiwa?"

Hukuambiwa. Ndiyo maana tunakuambia hapa, watu wote wakisoma: hukula, Mama. Tusamehe.

Unakumbukwa na mumeo Mukhisa, wanao Levi, Linah na Roselyne, wakwe na wajukuu. Hatutakusahau maisha yetu yote.